Walivyoibomoa Nyumba ya Kungojea

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi; Longina, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu; Yustina, binti wa mama yangu mdogo Agata; Odilo, mtoto wa baba yangu mdogo, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kijiji; na jirani yangu Kornelia, ambaye zamani aliolewa ng'ambo ya mlima, na watoto wake wote aliwangojea ndani ya nyumba ile. Upande wa pili wa kamba waliyoizungushia nyumba alikuwepo mtendaji wa kijiji, kijana mgeni aliyeletwa kwetu kutoka Mbeya, na dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia na kubomolea. Dereva jina lake Festo. Nalijua kwa sababu nilimuuliza. Nesi wa zahanati hakutoka nje. Alisimama dirishani tu, pindo la kanga mdomoni.

Nimeanza na watu kwa sababu bibi yangu alitufundisha hivyo. Alisema, "Ukitaka kueleza jambo, taja kwanza nani alikuwepo, ili mwongo ajulikane mapema." Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayajawahi kunitoka.

Kilichokuwa kinabomolewa ni nyumba ya tofali za kuchoma nyuma ya zahanati yetu, huku juu Kilolo. Ndogo tu, vyumba viwili na jiko katikati. Tuliiita nyumba ya kungojea. Mwanamke wa mbali akikaribia kujifungua aliteremka mapema, akakaa pale akingoja siku yake, ili uchungu ukimshika awe hatua chache kutoka kwa mkunga. Kazi yake ilikuwa hiyo, haikuwa na nyingine. Na kijiko kilipoinua mkono wake, Longina alinishika kiwiko akaniambia, "Wifi, unakumbuka ule udongo ulivyokuwa wa baridi?"

Ningesahauje? Kaa hapa kidogo, rafiki yangu, nikurudishe huko.

Nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yameota upya. Mama mdogo Agata alikuwa ameolewa ng'ambo, nyuma ya mlima, na kati yake na zahanati kulikuwa na mto wenye daraja la magogo. Masika yale mvua haikupumzika. Alipoona siku zimekaribia alifunga kitenge akaanza safari na mama mkwe wake. Uchungu ukamkuta darajani. Mtoto alizaliwa pale kando ya mto, kwenye majani mabichi, mvua ikimpiga. Hakulia.

Nawaona wanavyoingia uani kwetu. Mama mdogo alikuwa amembeba mwenyewe, amemfunika vizuri kama anayeogopa baridi itamwingia. Hakutoa machozi. Aliomba kigoda tu akae. Bibi yangu alichemsha maji, akamkanda, akampa uji.

Jumapili, baada ya ibada, wanaume walikuwa wamesimama wakizungumzia bei ya pareto. Bibi akaingia katikati yao. Wanawake wa wakati ule hawakufanya hivyo, lakini yeye alifanya. Akasema, "Mbuzi akikaribia kuzaa tunamfunga karibu na nyumba. Mbuzi ana banda. Mwanamke tunamwacha alale kando ya mto." Mmoja akajibu kwamba maneno yake ni mazuri, watayaangalia pareto ikishavunwa. Bibi akamwambia, "Mimba haisubiri pareto." Wiki ile ile akaitisha mgowe.

Kwa wasiojua, mgowe wa kwetu uko hivi. Mwenye kazi anaandaa ulanzi, au pombe ya mahindi kama si msimu wa mianzi, na watu wanakuja na majembe yao. Hakuna wa kulipwa. Ila ukinywa bila kufanya kazi, utaimbwa, na wimbo huo utakufuata mpaka kwa wakwe zako. Alikuwepo bwana mmoja, Bonifasi, kila mgowe anakuja na jembe lisilo na mpini. Anauliza watu, "Nani ana mpini jamani?" huku anakaa karibu na chungu. Wanawake wakamtungia: *Kikombe kimejaa, jembe linatafuta mpini.* Wakaimba mara moja, wakaimba tena kwa kucheza. Bonifasi akaweka jembe chini, akateremka mtoni, akaanza kubeba mawe. Mawe mengi ya msingi wa nyumba ile yalipandishwa na aibu ya Bonifasi.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kukanyaga udongo wa tofali. Kama hujakaa Kilolo mwezi wa sita, baridi hujaijua. Ukungu unashuka mpaka huoni mbuzi uliyemshika kamba. Tuliingia shimoni miguu mitupu, tukikanyaga na kuimba, na baada ya muda miguu huisikii tena, unaitazama tu chini kama ya mtu mwingine. Longina aliteleza akakaa kitako, udongo mpaka mgongoni, na mama yake akamwambia, "Tulia hapo hapo mwanangu, tukuchome na wewe uwe tofali." Tulitoka tumevaa soksi za matope. Bibi alitungoja na togwa ya moto kwenye kibuyu, tukanywa zamu kwa zamu, tukigombea atakayeshika kibuyu muda mrefu ili apate moto wa mikono.

Halafu tanuri. Ah, tanuri! Tulitumbukiza viazi kwenye mdomo wake, tukavichokonoa kwa kijiti vikiwa vimeungua ngozi, ndani vyeupe vinatoa moshi. Nimekula vyakula vingi tangu hapo. Mwanangu anayefanya kazi Mgololo alinipeleka siku moja hotelini, akaniagizia kuku mzima. Alikuwa mtamu. Lakini hakuwa na ladha ya kiazi kilichoiva pamoja na nyumba.

Wanaume walijiunga, nisiwaonee. Walijenga kuta, wakaezeka nyasi. Bati lilikuja baadaye sana. Na wa kwanza kulala mle ndani akingoja alikuwa yule yule mama mdogo Agata, tumbo jingine. Huyo mtoto alilia, tena kwa hasira. Ndiye Yustina niliyemtaja, wa kwanza kabisa wa nyumba ile. Mpaka leo akiwa na hasira tunamwambia, "Punguza, si ulishalia ulipozaliwa?"

Nyumba ile ilikuwa na harufu yake: moshi wa kuni za mlingoti, mkaratusi kwa wengine, majani ya maboga, na mafuta waliyojipaka wale wanawake tumboni. Sisi wasichana tulipelekwa kuwatekea maji, tukachelewa kurudi kwa makusudi. Walicheka wale wanawake! Mwanamke nyumbani kwake ana shamba, ana mume, ana mawifi. Pale alikuwa na tumbo lake na wenzake tu. Walituita tukae, wakatugawia mbegu za maboga za kukaanga, wakawasema waume zao kwa sauti ya chini, tukajifanya hatusikii.

Na kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika popote. Ndugu wa mwanamke wakija kumchukua na mtoto wake, hawakuja mikono mitupu. Walikuja na mzigo wa kuni. Hawakuzileta kwa ajili yake, maana yeye anaondoka. Zilikuwa za ajaye. Bibi alisema, "Moto uliokuta, uuache." Kwa hiyo mwanamke aliyefika amechoka, amelowa, hajui mtu, alikuta kuni kavu zimepangwa ukutani, zimeletwa na watu wa mwanamke asiyemjua. Kwa miaka yote hiyo sikusikia kwamba ukuta ule umekaa siku bila kuni.

Basi, nyumba ilizeeka. Nani asiyezeeka? Kona ya upande wa mlima ilikuwa inavuja, na mchwa walikuwa wamekula kenchi za paa. Tuliliona. Tulikaa, tukakubaliana mgowe. Odilo akakata misindano yake, ile misonobari, akapasua mbao, akazipanga chini ya ghala zikauke. Tulikuwa tunangoja mvua zikatike tu tupande juu.

Ndipo wageni wakaja, magari mawili. Wakaizunguka nyumba, mmoja akachokonoa lipu kwa ufunguo wa gari, akatikisa kichwa. Jioni ukaitishwa mkutano. Mkubwa wao akasimama, akasema jengo limechoka, ni la kizamani, upepo ukija litaangukia akina mama. Litabomolewa, litajengwa la kisasa. Kisha akauliza, "Wananchi, mnakubali?"

Tukapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Cha Longina ndicho kilichosikika mpaka barabarani, na changu kilifuata.

Usitushangae. Kwetu mgeni hakataliwi usoni. Hata akija kuposa binti na hatumtaki, baba wa binti anacheka naye, anamnywesha ulanzi, anamsindikiza mpaka njia panda. Jibu linafuata baadaye, kwa mdomo wa mtu mzima asiye na makuu, kuku mkononi ili neno lisiumize. Kila mtoto wa huku analijua hilo. Makofi ni ya kumsindikiza mgeni. Maneno yenyewe bado hayajazungumzwa.

Wageni wakala, wakanywa, wakaondoka. Tukakaa sisi kwa sisi, na hakuna hata mmoja aliyetaka nyumba ibomolewe. Tukamtuma Odilo, na tetea mwekundu wa Kornelia, aende ofisini kwa mtendaji kupeleka jibu.

Mtendaji alimpokea vizuri, akampa kiti. Odilo akazunguka kwenye hali ya hewa, akazunguka kwenye mahindi, akafika: "Mwanangu, wale wageni wetu, waambie tunashukuru. Lakini ile nyumba waiache. Paa tutalitengeneza wenyewe, mbao ziko tayari."

Mtendaji akashika kichwa. "Mzee wangu! Mbona mlikubali? Mlishangilia."

"Tulimshangilia mgeni. Nyumba hatukuwa tumeizungumza."

"Sasa wao walitakiwa wajue vipi kwamba hamtaki?"

"Kwa kunisubiri mimi."

"Mzee, taarifa imeshapanda juu. Imeandikwa wananchi wameafiki kwa shangwe."

Kuku akabaki ofisini. Jibu likarudi na Odilo.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na haijahama mpaka leo. Najua mtasema kosa ni letu. Kweli, tulijua hao si wachumba, ni serikali, na serikali haisubiri kuku. Lakini jamani, wewe unakuja kwangu kwa mara ya kwanza, unakaa muda wa sahani moja ya wali, unaniuliza juu ya kitu nilichokikanyaga kwa miguu yangu, unataka nikujibu kabla chakula hakijashuka tumboni? Hukuuliza nani alijenga. Hukuuliza mbao za nani zile chini ya ghala. Mtendaji ni mgeni, sawa, kwao Mbeya labda wana yao. Lakini hata huyo angeuliza tu, "Wazee, makofi ya huku yana maana gani?" Tungemwambia.

Siku ya kubomoa tulifika ukungu ukiwa bado chini. Festo akawasha mashine, akapiga ukuta wa upande wa barabara. Ukuta ukatoa vumbi, ukasimama. Akapiga tena. Kijiko kikarudi nyuma chenyewe, mashine ikayumba. Jengo lililosemwa litaangushwa na upepo! Jua likapanda juu ya mlima, yule kijana bado anahangaika na ukuta wa kwanza.

Longina akashindwa kuvumilia. "Piga, baba, piga! Si limechoka? Mbona unatoka jasho wewe?"

Watu wakacheka. Festo akazima, akatoa kichwa. "Bibi, usinigombeze. Mimi nimetumwa."

"Hata mvua imetumwa, mwanangu. Lakini yenyewe inaotesha mahindi."

"Bibi, nina watoto wanasoma."

"Watoto wako mama yao aliwangojea wapi?"

Festo akarudisha kichwa ndani. Aliwasha tena. Safari hii alianzia kona ya mlima, ile iliyokuwa inavuja, akaingiza meno ya kijiko chini ya linta, akainua. Nyumba ililia kama mtu. Sitaki kuieleza zaidi. Tofali zilianguka zikiwa nzima nzima, nyekundu ndani kama zimechomwa jana, na mimi nilizitazama, miguu yangu ikaingia baridi ile ile ya shimoni.

Paa lilipokwisha kung'oka, jiko likaonekana. Mafiga yetu matatu yalikuwa pale pale katikati ya vumbi, meusi kwa moshi wa miaka yote hiyo. Yustina akainua kamba akapita chini yake.

Mtendaji akamkimbilia. "Mama, rudi! Vitu vyote vya hapa sasa ni mali ya mradi."

Yustina akamtazama. "Mali ya nani?"

"Ya mradi, mama."

"Mawe haya yamebebwa kutoka mtoni na Bonifasi. Mwite huyo mradi aje aniambie ameyabeba lini."

Na Festo, namsifu kwa hili, akashusha kijiko mpaka chini, akazima mashine, akashuka, akawasha sigara akatazama milima kama hayupo. Kornelia akachukua figa moja, Longina moja, Yustina moja. Tukayaleta jikoni kwangu kwa sababu kwangu ndiko karibu zaidi na zahanati. Hakukuwa na mpango wowote. Tulikataa tu yasagwe.

Sasa masika mawili yamepita. Ukija leo utakuta vigingi, uzi uliolegea, na mbuzi wa watu wanachungwa. Kibao cha mradi ndicho kilichojengwa. Kizuri, kina rangi ya bluu. Ukiuliza, unaambiwa iko kwenye mchakato. Neno hilo sikulijua zamani; sasa nimelisikia kuliko sala. Huko mchakato ni wapi? Kuna barabara ya kufika? Mwanamke mwenye uchungu anaweza kulala huko?

Maana mimba hazikuingia kwenye mchakato. Masika yaliyopita nesi alikuja kwangu ameshika mkono wa msichana kutoka ng'ambo, Tumaini, amepanda pikipiki kwenye matope na tumbo lile, amelowa mpaka nywele. Nesi akaniambia, "Shangazi, siku zake bado kidogo na mimi sina pa kumweka. Nikimrudisha atazalia njiani." Akageuka kutazama upande wa mto. Nilijua anachokitazama. Hata yeye amesikia habari za mama mdogo Agata.

Nilimkalisha jikoni, karibu na yale mafiga. Alikaa mpaka siku yake ikafika, akavuka ua kwa miguu yake mpaka zahanati, akajifungua mtoto wa kike, akalia huyo mtoto tukamsikia kutoka huku. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Wengine hulala wawili kwenye mkeka mmoja. Jiko langu ni chumba kimoja, nalo linavuja.

Mume wa Tumaini alipokuja kumchukua, niliona pikipiki inapanda kilima polepole sana. Nikafikiri ni ubovu wa njia. Kumbe amefunga nyuma mzigo wa kuni mkubwa kuliko yeye. Akaufungua, akaupanga ukutani kwa jiko langu, akanisalimia, "Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Hizi za nini? Si unamchukua mkeo?"

"Mama amesema nisije mikono mitupu. Amesema ni za ajaye."

Kijana yule ile nyumba hajawahi kuingia. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Lakini msinisifu. Watu wa kanisani wameanza kunisifu, ooh bibi ana moyo, na nawakataza. Nyumba ya kijiji haifai kuwa jiko la kikongwe. Bibi yangu hakujenga moyo, alijenga kuta, kwa sababu alijua moyo unakufa. Mimi nikizikwa, nesi atabisha hodi kwa nani? Nataka kuta zirudi. Mbao za Odilo bado ziko chini ya ghala, zimekauka vizuri kabisa. Tofali zilizobaki nzima tumeziona zilikotupwa. Tumeshakubaliana: mvua zikikatika tunaitisha mgowe, pale pale kwenye vigingi vyao. Na wageni wakija kutuuliza, tutawapikia, tutawapa ulanzi, lakini hakuna atakayepiga kofi. Longina ameapa kwamba atakaa amejaza mdomo kiazi mpaka magari yaondoke.

Wewe unayesoma, kama ni wa huku kwetu, au mama yako aliwahi kukungojea mle ndani, nisahihishe. Huenda mgowe wa kwanza ulikuwa wa pombe ya mahindi nami nimekumbuka ulanzi. Huenda Bonifasi jembe alikuwa nalo zima, tukamwonea kwa wimbo. Huenda waliobeba yale mafiga walipishana mikono nami sikuona kwa vumbi. Niambie, nitakubali. Ila ukija kuniambia kwamba ile nyumba ilikuwa imechoka, keti, kula, nitakusindikiza mpaka njia panda. Jibu langu nitamtuma Odilo.